Usitume hiyo barua: "used to" iliniponza kazi ya semi Oman

Dada, usitume hiyo barua. Niko kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, siku ya pili leo. Nimefungua simu nijipotezee muda nikakutana na swali lako: kama swali linaandikwa "did you used to" au "did you use to", na kama hiyo sentensi ya barua yako ya kuomba kazi hotelini iko sawa. Sentensi yenyewe: "I used to work under pressure". Umesema unamaanisha umezoea kazi za presha. Jasho la 2019 limenirudi mgongoni.

Wadau waliotangulia wamekwambia haina kosa. Kweli haina, kisarufi imenyooka kama reli. Ila inamwambia meneja kwamba zamani mikikimikiki uliiweza, siku hizi basi. Wewe mwenyewe ungemwajiri mtu huyo?

Mimi 2019 nilikuwa natafuta kazi ya kuvuta semi Oman. Paspoti nimelipia 150,000, vipimo vya afya nimelipia, na juu yake nikajiandikisha kozi ya Kiingereza ya wiki 6 kwa mwalimu mmoja mwenye tai na maneno mengi. Huyu bwana alitufundisha, namnukuu: "used to" maana yake kuzoea, na "am used to" ni hiyo hiyo, ila ya heshima zaidi. Heshima! Nililipa ada kwa mkupuo mmoja ili nifundishwe uongo wenye tai.

Siku ya usaili nikakaa ofisini kwa wakala, Dar, kompyuta mezani, msaili yuko Muscat. Akaniambia nimweleze habari za udereva wangu. Nikataka kusema nimezoea malori makubwa, miaka tisa niko barabarani. Nikasema: "I used to drive trucks." Akaniuliza: "When did you stop?" Jamani, mimi nikajua anauliza gari nilikuwa nasimamisha wapi. Nikamjibu kwa kujiamini: "At the border." Akaandika kitu.

Hapo bado ningeweza kupona. Akauliza: "Do you drink?" Ningesema "No" tu nikanyamaza, leo ningekuwa natuma picha za jangwani. Lakini mimi ni mkweli kupita kiasi. Nikataka kueleza kwamba zamani nilikuwa nakunywa, nikaacha, namshukuru Mungu. Na kwa kuwa swali ni nyeti, nikachomoa ile ya heshima: "I am used to drinking, sir. But thank God."

Mnaona nilichofanya? Kazi ninayoifanya mpaka leo niliiua, pombe niliyoizika miaka minne nikaifufua, tena mbele ya mtu anayetafuta dereva wa kumkabidhi semi. Wakala alikuja kunionyesha fomu, imeandikwa kwa Kiingereza kifupi ambacho hata mimi nilikielewa: dereva wa zamani, anakunywa. Utingo wangu wa enzi hizo bado ananiita "at the border".

Aliyenifumbua macho si mwalimu, ni mpwa wangu wa kidato cha nne, na hakunifumbua kwa upole, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia: mjomba, mbona rahisi, tazama kinachotangulia "used". Nimeshika hiyo tu, na ndiyo nakupa.

Kabla ya "used" tafuta am, is, are, was, were, au ndugu yao get. Ukimkuta mmoja wao, ni kuzoea. Usipomkuta yeyote, ni zamani na mambo yamekwisha. "I used to drive trucks": nilikuwa naendesha malori, sasa siendeshi. "I am used to driving trucks": nimezoea kuendesha malori. Umeona na kitenzi kinavyobadilika? Cha zamani kinakaa kikavu, drive. Cha mazoea kinavaa -ing, driving. Ukitaka kuhakikisha, toa kitenzi uweke jina la kitu. "I am used to trucks" inasimama. "I used to trucks" inaanguka kifudifudi.

Sikio halikusaidii hapa, zote mbili zinasikika "yuusti tu". Sisi tumezoea Kiswahili kinachoweka tofauti wazi mwanzoni mwa neno, "nilikuwa naendesha" na "nimezoea kuendesha", hakuna wa kuchanganya. Mwingereza kaificha tofauti nzima kwenye ka-am kadogo ambako ukiongea haraka unakameza.

Na "huwa" isije ikakuponza. Huku kijiweni wengi husema "I use to wake up at five" wakimaanisha huwa naamka saa kumi na moja. Hakuna kitu hicho. Sema "I usually wake up at five". Hii "used to" ya mazoea yaliyopita haina wakati uliopo.

Msije mkaniita mwongo: iko pia "a jack is used to lift a truck", yaani jeki hutumika kuinua lori. Is ipo, lakini anayezungumziwa ni kifaa, na hapo "used" inatamkwa kwa z, "yuuzd". Jeki haizoei kitu. Kwenye barua yako hakuna jeki, kwa hiyo achana nayo.

Kuhusu swali, andika "did you use to". Did ameshaibeba ile d. Hata Waingereza wengine hukosea hapo, na hiyo haimnyimi mtu kazi.

Kinachonyima kazi ni sentensi yako. Iwe "I am used to working under pressure". Tena pitia barua nzima, kila palipo na "used" uliza am yuko wapi, maana najua mwalimu wa aina ile hafundishi mtu mmoja. Ukimaliza ibandike hapa niione kabla sijavuka Nakonde, nikishaingia Zambia bando langu halisomi.