Maswali na Majibu: Kuishi kwa Kazi ya Mtandaoni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaotengeneza maudhui wenyewe, bila kituo cha televisheni wala kampuni nyuma yao, na karibu zote zinauliza namna ya kuendelea na kazi hiyo bila kuchoka na namna ya kuifanya ilipe. Nimechagua tano na kuzifupisha.

Nafundisha hisabati sekondari. Nilianza kupandisha video ya Kidato cha Pili kila siku, nikadumu wiki chache, kisha mitihani ya muhula ikanizidi. Sasa ni miezi sijarekodi kitu. Nifanyeje? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, nashuku kwamba ratiba hiyo uliipanga ukiwa likizo, ukaja kuitekeleza shule zikiwa zimefunguliwa. Ratiba ya kazi ya namna hii hupangwa kwa kuangalia wiki mbaya, ile yenye zamu ya shule, rundo la madaftari ya kusahihisha, mtoto mwenye homa na umeme unaokatika jioni. Jiulize katika wiki kama hiyo unaweza kutoa nini bila kuiba usingizi wako, kisha hicho ndicho kiwe kiwango chako cha kudumu, hata katika wiki ambazo una nafasi tele. Kwa mtu aliye darasani kutwa nzima, mimi ningesema video moja kwa wiki, wala usione haya kwamba wenzako wanatoa tano.

Jambo la pili ni kuzitenganisha kazi zilizomo ndani ya kazi. Video ya dakika nane kuhusu kanuni ya Pythagoras inakutaka uchague maswali na kuyatatua kwanza kwenye karatasi, urekodi, uhariri, kisha uipandishe pamoja na kichwa na picha yake ya mbele. Ukijaribu kuyafanya yote hayo jioni moja baada ya kipindi cha mwisho, wakati wa kuhariri utakukuta umeshalala. Andaa maswali siku za kazi, katika vipindi ambavyo huna darasa. Rekodi Jumamosi alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupita na jirani hajafungulia redio, na ukishaweka simu kwenye standi na kufuta ubao, rekodi masomo matatu mfululizo, kwa sababu kupanga taa na kupima sauti huchukua muda uleule kwa somo moja au kwa matatu. (Wapo wanaobadilisha shati kati ya somo na somo ili ionekane ni siku tofauti; wanafunzi hawajali.) Kuhariri kuwe na siku yake, na kupandisha kufanyike usiku kama mtandao wako unauza bando la usiku kwa bei nafuu.

Kabla ya kurudi hewani, kamilisha video nne na uziweke akiba. Kila wiki toa moja na urekodi nyingine ya kujaza pengo. Wiki ya mitihani ikifika, akiba itapungua lakini chaneli haitanyamaza, na utakapopata nafasi utaijaza tena.

Usisahau pia kwamba watazamaji wako wana kalenda yao. Upimaji wa Kidato cha Pili hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka na mtihani wa Kidato cha Nne huanza Novemba, kwa hiyo somo utakalolipandisha Februari linaweza kukaa kimya kwa miezi mingi kisha likaanza kutafutwa wanafunzi wanapojisomea kwa hofu. Wengi huacha kwa sababu wanazisoma takwimu za Machi kana kwamba ndizo hukumu ya mwisho. Badala ya kuhesabu watazamaji kila asubuhi, nunua daftari na uandike mambo matatu kwa kila video: tarehe, mada na saa ulizotumia. Baada ya miezi michache utajua kwa hakika video moja inakugharimu saa ngapi, na utaihitaji namba hiyo siku shule binafsi itakapokuomba uwatengenezee masomo.

Chaneli yangu ya mapishi ina wafuasi zaidi ya 2,000 na watu wanasifia sana. Kwa nini YouTube hawanilipi? — Mama wa vitafunio, Tanga

Mama, wafuasi ni nusu tu ya sharti. Ili uingie katika mgawo wa matangazo unatakiwa uwe na wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video zako fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazopatikana watu wanapopitisha video fupi kwa kidole hazihesabiwi katika zile 4,000, na hapo ndipo wapishi wengi hukwama: klipu ya sekunde 30 ya chapati ikipinduliwa huleta wafuasi, lakini saa huletwa na video ndefu ambayo mtu anaifuata akiwa na unga mikononi.

Ukishakubaliwa, yapo mambo ya karatasi ambayo hayasemwi sana. Salio likifika dola 10, Google, wenye YouTube, hukutumia kwa posta namba ya kuthibitisha anwani yako, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo husimamishwa. Kwa kuwa barua hazifiki mlangoni kwa wengi wetu, tafuta mapema sanduku la posta linalofunguliwa mara kwa mara, la kwako au la ofisi ya mtu unayemwamini, na uandike anwani ileile katika akaunti. Fedha zenyewe hutoka salio likifika dola 100. Vilevile utatakiwa kujaza fomu ya kodi ya Marekani hata kama hujawahi kukanyaga huko. Watazamaji wako walioko Marekani ndio wanaohusika, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo, 30% ya kinachotokana nao hukatwa. Usipoijaza, makato huweza kugusa mapato yako yote, hata yale ya watazamaji wa Tanga na Korogwe.

Pamoja na hayo yote, nisingekushauri uyajengee maisha matangazo hayo. Katika video ndefu mtengenezaji hupata 55% ya kinacholipwa na mtangazaji, na katika fupi 45% ya fungu linalogawanywa, lakini watangazaji wanaogombea mtazamaji wa Tanzania ni wachache kuliko wanaogombea yule wa Uingereza, kwa hiyo hata ukitazamwa sana dola huja kidogo kidogo. Wewe una kitu kinacholipa haraka zaidi, kwa sababu watu wanakuamini jikoni. Fungua darasa la wiki nne la kutengeneza vitafunio vya biashara kupitia kundi la WhatsApp, la watu 40, kila mmoja alipe shilingi 15,000 kwa lipa namba kabla ya kuingizwa. Hizo ni shilingi 600,000, bila kusubiri posta. Darasa lenyewe liwe na vitu ambavyo video ya bure haitoi: vipimo kwa gramu, bei za jumla za unga na mafuta wiki hiyo, hesabu ya gharama ya sambusa moja, na nafasi ya mwanafunzi kukutumia picha ya kaimati zake zilizoshindwa kuumuka ili umwambie kosa liko wapi. Hilo la mwisho ndilo watu hulilipia kwa moyo mkunjufu, nalo ndilo litakalokuchosha, kwa hiyo panga saa mbili tu za jioni za kujibu na uwaambie tangu mwanzo.

Watu 40 wakikushinda, anza na 10. Ila usifundishe bure kwanza ili uzoeleke, kwani aliyezoea bure huona bei yoyote ni uonevu.

Kampuni imenitaka niitangazie bidhaa kwenye Instagram na TikTok, nao wanipe bidhaa yenyewe badala ya pesa. Nikitaja bei naogopa wataniacha. — Kijana, Mombasa

Ndugu yangu, bidhaa hailipi kodi ya nyumba Kisauni. Ipokee tu ikiwa ungeinunua kwa pesa zako, na ikiwa hawadai haki ya kuitumia video yako kokote watakako.

Bei yako ianzie kwenye gharama: saa za kuandika, kurekodi na kuhariri, nauli, bando, na malipo ya mtu aliyeshika kamera. Juu ya hapo ongeza thamani ya wafuasi wako. Kisha andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja tu, yaseme ni video ngapi, marekebisho yatakuwa mara ngapi (mbili zinatosha), nusu ya malipo itatolewa lini kabla ya kazi, na kampuni itaruhusiwa kuitumia sura yako katika matangazo yake kwa miezi mingapi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho vijana wengi hukiacha, halafu wanajikuta usoni mwa tangazo mwaka mzima, na kampuni shindani haziwezi kuwapa kazi.

Kuhusu kodi, Kenya ilianza mwaka 2023 kukata 5% ya malipo ya maudhui ya kidijitali yanayolipwa mkaazi. Usishtuke ankara yako ya shilingi 40,000 ikilipwa 38,000. Dai cheti cha makato, kwa sababu zile 2,000 huhesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa unapowasilisha ritani yako ya kodi ya mwaka kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya Juni 30. Asiyekuwa na cheti huenda akalipa mara mbili. Na video ikiwa imelipiwa, sema wazi kwamba ni tangazo. Mitandao yenyewe inataka hivyo, na watu wetu hawana shida na mtu anayetafuta riziki. Shida yao ni kudanganywa.

Kampuni itakayokuacha kwa sababu umetaja bei ilikuwa haijatenga fedha kwa ajili yako tangu mwanzo.

Je, nahitaji leseni na kulipa kodi, au hayo ni ya wenye vyombo vya habari? — Mfugaji wa kuku, Mwanza

Kodi inakuhusu. Chukua TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara kutoka Mamlaka ya Mapato, TRA, ambayo hutolewa bure, na usajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama unataka kufungua akaunti ya benki kwa jina la chaneli. Sheria ya Fedha ya 2024 nayo iliweka makato ya 5% katika malipo kwa watengeneza maudhui mtandaoni, kwa hiyo kampuni ya vyakula vya kuku ikikulipa pungufu, waombe hati ya makato hayo. Kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni, Tanzania ilianza kuidai mwaka 2018, ikatunga kanuni mpya mwaka 2020 na kuzirekebisha mwaka 2022. Kufundisha chanjo ya kideri na kusoma taarifa za habari si jambo moja mbele ya kanuni hizo. Siku utakapotaka kuongeza habari na matukio, pita kwanza ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mimi na rafiki yangu tuna podikasti. Chaneli ilifunguliwa kwa barua pepe yake na laini ya simu ni ya kaka yake. Sasa tumeanza kupata wadhamini na nina wasiwasi. — Msikilizaji na mtangazaji, Dodoma

Wasiwasi wako una msingi, na wakati wa kulizungumza ni sasa, mkiwa bado mnacheka pamoja. Kwa jinsi mambo yalivyo, mkikosana au kaka akipoteza laini, kazi yenu yote iko mikononi mwa mtu asiyekuwemo. Tafuteni laini iliyosajiliwa kwa jina la mmoja wenu kwa kitambulisho cha NIDA, fungueni barua pepe ya kazi, wekeni uthibitisho wa hatua mbili, kisha mpeane mamlaka ndani ya chaneli kila mtu kwa akaunti yake, badala ya kugawana nywila moja. Nakala za vipindi ziwekwe kwenye diski mbili, nyumba mbili.

Muwe pia na orodha ya wasikilizaji wenu walioridhia kuwapa namba zao. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita dunia nzima, na Mei 12, 2024, nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na kwingineko. Siku kama hizo ujumbe wa kawaida wa simu unafika, ilimradi una wa kumtumia.

Halafu andikeni ubia. Taja nani anamiliki jina, mapato yanagawanywaje baada ya gharama, nani anatia saini na wadhamini, na anayetaka kutoka anaondoka na nini. Vipindi vilivyokwisha kutoka navyo vitajwe, kwa sababu vinaendelea kuingiza fedha baada ya urafiki kwisha. Kama mmoja wenu ndiye anayehariri usiku kucha na mwingine hufika tu kuongea, alipwe kwanza ujira wa uhariri, kisha kinachobaki kigawanywe sawa. Tieni saini mbele ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake.