Maganda ya risasi ya babu na misumari ya mlango

Waalaykumu salaam mwanangu. Umeuliza kama maganda ya risasi uliyoyakuta kwenye kasha la babu yako huko Wete yanafaa kufuliwa misumari ya mlango. Yanafaa, tena sana: ni shaba ya manjano, kama asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, tiifu kwa nyundo.

Lakini kabla ya moto, tazama kitako cha kila ganda. Pale katikati pana kiduara kidogo. Kikiwa na kibonyeo, kimeshapigwa. Kikiwa hakina alama, au ganda bado lina kichwa cha risasi, usiligonge wala usilisogeze karibu na moto. Liache hapo hapo, mwambie sheha awaite polisi. Nakusihi, kidole hakioti tena.

Wala usiyayeyushe. Zinki huchemka kwa nyuzi 907, na moshi wake mweupe humtia mtu homa na kutetemeka usiku mzima. Kata vitako uviweke kando, vina masizi yenye sumu. Kilichobaki kipasue, kipashe moto mpaka kiwe chekundu hafifu, kipoe, ndipo ufue. Kikianza kukaza chini ya nyundo, kipashe tena, kabla hakijapasuka ukingoni.