Muulize Fundi: Bunduki ya shabaha, hela iende wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Newala, mjomba wangu anaishi Marekani anajiundia bunduki aina ya AR-15 ya shabaha nyumbani, kila siku ananitumia picha za vipuri. Kipi hasa cha kutilia hela? Na mimi naweza kujiundia huku?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mtutu kwanza, mengine baadae, manake watu wanakimbilia darubini kubwa ya kupendeza wakati mtutu wenyewe wa hovyo, hapo hata ukilenga vipi risasi zinatawanyika tu. Aangalie na mifereji ya ndani, ikizunguka duru moja kila inchi 8 inazituliza vizuri risasi nzito za greni 69 mpaka 77 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), zile za kulengea mbali. Halafu kile kishikio cha mbele kisiuguse mtutu kabisa, apitishe karatasi katikati toka mbele hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa, ikikwama sehemu kuna kitu kinagusa na shabaha itamhama kila akiegemeza. Traiga, yaani kifyatulio, nayo iwe ya kuvuta kwa hatua mbili, kidole kinajua kabisa wapi inafyatuka. Darubini ifuate, na vishikizo vyake viwe imara.

Ila wewe wa Newala hapana, tena naomba unisikie vizuri. Hapa kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu mtu kutengeneza silaha bila leseni, hata gobore la kufukuzia nguruwe kwenye mihogo. Kama shida ni nguruwe, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya.