Maswali ya Wasomaji: Tochi ya Kila Siku kwa Bei Isiyoumiza

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako. Kila siku ya kazi hutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kutembea kama dakika arobaini hadi barabara kuu ninakopandia gari. Njia inapita katikati ya mashamba ya miti na kuvuka kijito, na majira ya baridi ukungu huwa mzito. Mwaka jana nilinunua mnadani tochi ya kuchaji iliyoandikwa kwamba betri yake ni ya mAh 9900 (kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba) na mwanga wake unafika mita 2000. Wiki za mwanzo ilinifurahisha, lakini sasa inazimika ghafla kabla sijafika nusu ya safari. Nimetenga shilingi 40,000. Je, nitafute yenye mwanga mkali zaidi, au tatizo liko kwingine?

JIBU: Ndugu Mwalimu, usitafute mwanga mkali zaidi. Kwa maelezo yako, kinachokuangusha ni betri, kwa hiyo kabla hujatumia hata senti moja ya fedha ulizotenga, fungua mfuniko wa nyuma na utazame kilichomo. Katika tochi nyingi za aina hiyo utakuta betri moja ya litiamu iliyoandikwa 18650. Namba hiyo ni kipimo cha umbo: kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65, na sifuri ya mwisho humaanisha kwamba betri ni ya mviringo. Betri za ukubwa huo, hata zinazotoka katika viwanda vyenye sifa, kwa kawaida hazizidi sana mAh 3500, kwa kuwa ganda lenyewe halina nafasi ya kubeba zaidi. Aliyeandika 9900 aliandika namba ya kumfurahisha mnunuzi, na namba hiyo ikiwa ya uongo, sioni sababu ya kuziamini zile mita 2000 zilizoandikwa pembeni yake.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo cha fundi. Mwombe sonara mwenye mizani ya vito akupimie betri yako. Betri nzuri ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50 hivi, na ikionyesha 30 au pungufu, basi umeuziwa ganda lenye kitu kidogo ndani. (Wauza tochi hawapendi kumwona mteja akija na mizani, lakini anayeuza mali halali hana sababu ya kununa.) Kama kioo, swichi na taa ya tochi yako bado ni vizima, badilisha betri peke yake kwa nyingine ya kweli ya mAh 2500 hadi 3500, na huenda ukashangaa kwamba tochi uliyotaka kuitupa inakufikisha barabarani na kukurudisha nyumbani kwa siku kadhaa bila kuchajiwa. Baada ya kuichaji mara ya kwanza, mpelekee fundi redio mwenye mita aipime: betri iliyojaa inapaswa kusoma volti 4.2. Ikipita hapo, saketi ya kuchajia iliyomo ndani ya tochi haijui kuacha, na betri ya litiamu inayojazwa kupita kiasi inaweza kuvimba au kuwaka moto. Katika hali hiyo tumia chaja ya nje, au achana na tochi hiyo.

Wako mafundi wanaouza betri za 18650 zilizotolewa ndani ya betri za kompyuta mpakato. Sizidharau, kwa sababu baadhi yake zina nguvu kuliko betri mpya za bandia, lakini nunua tu kwa fundi anayezipima mbele yako. Kataa yoyote inayosoma chini ya volti 2.5 pamoja na yoyote ambayo plastiki yake imechanika, hata mkwaruzo ukiwa mdogo. Ganda zima la betri hiyo ni upande wa hasi, hadi kwenye ukingo unaozunguka kichwa cha chanya, na plastiki ile nyembamba ndiyo pekee inayozitenganisha pande hizo mbili na chuma cha tochi. Kwa sababu hiyo hiyo usitembee na betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Sasa tuseme umeamua kununua tochi mpya. Swali la kwanza kujiuliza ni unahitaji mwanga kiasi gani kwa dakika arobaini, na hapo hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno ya kwenye boksi. Betri ya mAh 3000 yenye volti 3.7 ina nishati ya wati-saa 11 hivi. Tochi nzuri ya LED hutoa takribani lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa kila wati moja, kwa hiyo mwanga wa lumeni 100, ambao kwa njia ya miguu unatosha kabisa, utakaa karibu saa kumi. Ukiiwasha kwa lumeni 1000, betri ile ile itaisha kwa muda wa saa moja, na kabla ya hapo mwili wa tochi utakuwa umepata moto kiasi cha kuilazimisha ipunguze mwanga yenyewe. Na jicho nalo halihesabu kama mashine: ili mwanga uonekane umeongezeka maradufu, inabidi lumeni ziongezeke karibu mara nne. Tofauti kati ya lumeni 800 na 1000, ambayo muuzaji atakutoza kwa furaha, huwezi kuiona porini.

Ndiyo maana ningekushauri uangalie zaidi viwango vya chini vya tochi kuliko kiwango cha juu. Tochi inayokufaa ni ile yenye angalau viwango vitatu: kidogo cha lumeni 10 au 20 cha kutafutia funguo na kusahihishia daftari umeme ukikatika, cha kati cha 100 hadi 200 cha kutembelea, na kikubwa cha kuwasha kwa sekunde chache unaposikia kitu vichakani. Iwe pia inakumbuka kiwango ulichokiacha, kwa kuwa tochi inayoanza na mwanga mkali wa kumetameta kila unapoibonyeza itakuchosha ndani ya wiki moja.

Kuhusu umbali, upo utaratibu wa upimaji wa Marekani uitwao ANSI FL1, uliotolewa mwaka 2009, ambao watengenezaji makini huufuata na kuuandika kwenye boksi. Katika utaratibu huo umbali wa tochi huhesabiwa hadi mahali ambapo mwanga wake umefifia na kufikia robo ya laksi, yaani sawa na mbalamwezi ya usiku usio na mawingu. Kwa hiyo hata boksi linalosema kweli kwamba mwanga unafika mita 150 linazungumzia mita 150 za mbalamwezi, na kwa mwanga huo utamwona ng'ombe lakini nyoka hutamwona. Chukua theluthi ya namba hiyo ndipo upate umbali wa kuona vizuri. Muda nao una siri yake, kwani saa zinazoandikwa huhesabiwa mpaka mwanga umebaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo boksi la "saa 8" linaweza kuwa na saa mbili za mwanga na sita za kupapasa.

Ukungu wa Makambako unataka neno la peke yake. Matone ya ukungu huurudisha mwanga kwenye macho yako, na kadiri tochi inavyokuwa kali na kadiri unavyoishika karibu na uso, ndivyo unavyojijengea ukuta mweupe mbele yako. Ishike chini, usawa wa kiuno au paja, na upunguze mwanga badala ya kuuongeza. Ukiweza kuchagua, chukua taa yenye rangi ya joto kidogo, ya kelvini 4000 hadi 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga), badala ya ile nyeupe inayoelekea samawati ya 6500. Udongo, majani makavu na ngozi ya mnyama hutofautiana vizuri zaidi chini ya mwanga wa namna hiyo. Wauzaji wengi huisifu nyeupe ya samawati kwa sababu inaonekana kali dukani, na huko dukani ndiko ubora wake unakoishia.

Kwa mvua za kwenu, alama ya kinga ya maji ya IPX4 inatosha kwa matone, na IPX7 humaanisha tochi inaweza kuzama mita moja kwa dakika thelathini, jambo la faraja kwa mtu anayevuka kijito. Tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma ili kubadili upana wa mwanga ni nadra kuwa na kinga hiyo, kwa kuwa kila unapovuta huingiza hewa, na pamoja na hewa huingia maji na vumbi. Mimi huziepuka.

Kuhusu kuchaji, jaribu tochi dukani kabla ya kulipa. Tochi nyingi za bei ndogo zina tundu la USB-C lakini zimenyimwa vipingamizi viwili vidogo vya umeme ambavyo chaja za kisasa hutegemea ili kutambua kwamba kuna kifaa kimechomekwa, hivyo zinakubali waya wa zamani wenye kichwa kipana upande mmoja na kukataa waya wenye vichwa vidogo pande zote mbili. Hilo si ubovu wa kukufanya ukatae tochi nzuri, lakini hupaswi kuligundua usiku wa manane.

Kwa shilingi 40,000 inawezekana kupata tochi ya betri moja ya 18650 ya chuma chepesi, hasa ukiagiza kupitia intaneti kwa uvumilivu. Wapenzi wa tochi huitaja sana Convoy S2+, ambayo haina urembo wowote, lakini inafunguka kwa mkono, na taa yake, saketi yake, kioo chake na swichi yake vyote hubadilishwa kimoja kimoja, ili mwaka ujao uboreshe sehemu badala ya kununua upya. Usitumie fedha zote kwenye tochi yenyewe; bakiza za betri ya kweli. Ukichagua betri yenye saketi ya kinga ndani yake, ujue kwamba huwa ndefu kidogo, milimita 69 hivi, na baadhi ya tochi haziipokei.

SWALI: Ninayo tochi ya bati ya betri mbili kubwa niliyoinunua nikiwa kijana, na sasa nina miaka 71. Globu zake hazipatikani tena hapa Kondoa. Kijana mmoja ameniambia niweke globu ya LED. Je, itafanya kazi, na itadumu?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Itafanya kazi, ila mwambie kijana akuchagulie globu yenye kitako sawa na ile ya zamani na iliyoandikwa kwamba inafaa volti 3 au kuanzia volti 1 hadi 3. Betri mbili mpya zinatoa volti 3 na LED nyeupe inahitaji kiasi kama hicho, kwa hiyo globu isiyo na saketi ya kupandisha volti itafifia mapema mno, betri zikiwa bado na nguvu nyingi. Ukiiweka isiwake, geuza betri zote mbili kabla ya kuilaumu, kwa kuwa LED hupitisha umeme kwa upande mmoja tu, tofauti na globu ya waya.

Usitarajie mwanga uende mbali kama zamani hata ukiwa mwingi zaidi. Kikombe cha kuakisi cha tochi yako kilitengenezwa kwa ajili ya waya unaotoa mwanga pande zote, ilhali LED hurusha mbele, na sehemu kubwa ya kikombe hubaki bila kazi. Kwa kuzunguka boma hilo halitakusumbua. Chagua globu ya wati moja tu, kwani iliyo kubwa zaidi haina mahali pa kupeleka joto lake ndani ya tochi hiyo na itaungua.

Springi ikiwa na ukoga, tazama kwanza ni betri za aina gani zilizovuja. Betri za kawaida za zinki huvuja uchafu wenye asidi, na husafishwa kwa soda ya kuokea iliyolowanishwa kidogo. Betri za alkali husafishwa kwa siki au maji ya limau. Kisha ikaushe na uipige msasa laini mpaka ing'ae. Tochi ikikaa mwezi bila kutumika, toa betri.

SWALI: Mimi ni mfugaji huko Longido. Je, taa ya kichwani si bora kuliko tochi ya mkono?

JIBU: Kwa kukamua, kufunga kamba na kumsaidia ng'ombe anayezaa, ndiyo, kwa kuwa mikono yote miwili inabaki huru. Kwa kutembea usiku, sivyo. Taa iliyo juu kidogo ya macho huangaza vitu kutoka pale pale unapovitazamia, kwa hiyo vivuli hujificha nyuma ya vitu hivyo, na ardhi yenye mashimo na mawe huonekana kama mkeka uliotandazwa. Tochi inayoshikwa usawa wa kiuno huviacha vivuli vionekane, na kivuli ndicho kinachokuonyesha kwamba lile ni shimo na hili ni jiwe. Wadudu nao huifuata taa, na ikiwa kwenye paji la uso wataingia machoni. Ukiweza kupata mbili, chagua zinazotumia betri za aina moja, ili moja ikiishiwa njiani uchukue betri ya nyingine.