Jibu: Mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa umeme na gesi) ya mtumba, ninunue vifaa gani?

Mkuu, kwa kuwa umesema kazi yako ni reli za ngazi za stenlesi huko Raskazone, Tanga, usikimbilie tochi mpya (mkono wa kuchomelea). Soma kwanza kibao cha nyuma ya mashine. Kama ni DC tupu (umeme wa mkondo mmoja), alumini isahau, hiyo inataka AC (mkondo geu).

Pesa nyingi iende kwenye gesi. Mtungi uwe wa agoni safi, siyo CO2 ya mafundi wa MIG (mashine za waya), maana ncha ya tangsteni (ile sindano ya ndani ya tochi inayotoa moto) itaungua palepale. Regulata iwe na kipimo cha lita kwa dakika. Ndani ya banda lita 8 hadi 10 zinatosha. Nje, kwa upepo huu wetu wa bahari, wengi hufungulia gesi mpaka mwisho. Hasara tupu! Ikizidi inavurugika na kuvuta hewa. Funga turubai upande wa upepo, kisha weka gesi lenzi (kichujio cha kutuliza gesi) na kikombe kipana (mdomo wa tochi).

Tochi namba 17 inabeba kama ampea 150 bila maji, kwa bomba jembamba yatosha. Koleti (kishikio cha tangsteni) ilingane na tangsteni yenyewe: ya milimita 2.4 haiingii kwenye koleti ya 1.6. Ningechukua tangsteni ya lanthanamu kuliko ile nyekundu yenye thoriamu, vumbi la thoriamu si la kuvuta. Ukiinoa, mikwaruzo ifuate urefu, isizunguke.

Fito za kujazia: ER308L kwa stenlesi ya aina ya 304, ER316L kwa ya 316. Na kwa chumvi ya huko ufukweni, mbembeleze mteja achukue 316.