Shangazi, mke wangu amekatalia karatasi za lupango, kiwanja chetu

*"Shangazi, jambo. Niko Ruashi, hapa Lubumbashi, nina miaka 38, mke na watoto wanne. Nimepata motokari, Toyota Noah nzuri ya rafiki yangu wa kazini. Imefanya taksi ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, miaka minne tu, dashibodi inasoma kilometa 118,000. Ni nyeupe, radio inaimba vizuri, viti vya ngozi. Anataka dola 6,000. Watu wa mikopo wamekubali kunipa zote kwa miezi 24, riba 3 kwa mia kila mwezi, ila wanataka karatasi za lupango na sahihi ya mke. Yeye anauza makayabu, samaki wa chumvi, kwenye soko la mtaa wa Kenya, hana shida ya usafiri, amekataa kabisa. Hii wiki ya pili hatusemezani. Tangu friji iuzwe mwaka jana hanisikilizi tena. Nimfanyeje mwanamke asiyetaka maendeleo?"*

Pole, baba. Wiki mbili za kununiana chini ya bati moja ni ndefu. Pole imeisha, sasa tuhesabu.

Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa ni kilometa kama 90. Kwenda na kurudi 180. Taksi ya njia ile isipopata hata safari moja kwa siku, mwenyewe hali bukari, ule ugali wetu. Chukua siku 300 za kazi kwa mwaka: 54,000. Miaka minne: 216,000. Na hapo sijaweka zile ilizotoka nazo Japani. Hiyo 118,000 imetoka wapi? Kuna mtu amezirudisha nyuma, na rafiki yako anajua. Nadhani hata wewe ulishuku, ndiyo maana ukaandika miaka minne "tu".

Umeniambia rangi, radio na viti. Moteri, yaani injini, hukuitaja hata mara moja. Ukiiwasha asubuhi ikiwa baridi, moshi wake rangi gani? Ukiwa wa bluu, inakula mafuta ya moteri. Bwati ya vitesi (gia) inashika papo hapo, au inawaza kwanza? Nani aliipima, fundi wako au fundi wa rafiki? Baba, hiyo siyo barua ya mtu anayetafuta motokari ya kazi. Wewe unataka majirani wa Ruashi wasikie radio.

Na hiyo 3 kwa mia inaonekana ndogo, sivyo? Waulize kwanza kama wanaihesabu juu ya 6,000 yote mpaka mwezi wa mwisho. Kama ndivyo, riba peke yake ni dola 180 kila mwezi, na kwa miezi 24 ni 4,320. Utalipa 10,320, yaani 430 kila mwezi, kabla ya tairi, kabla ya asiransi (bima), kabla ya kukutana na polisi wa barabara. Moteri ikifa mwezi wa tisa, utabaki na miezi 15 ya kulipia mabati yaliyoegemea ukuta, kuku wanatagia ndani. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Jiulize pia kwa nini hawakutaka motokari yenyewe iwe rehani. Wale wanakula kwa kukopesha, wanajua kupima kitu, na Noah ile wameikataa. Wametaka lupango. Mkeo, aliyezoea kunusa makayabu kabla ya kulipa, amelinusa hilo. Niko upande wake, tena bila aibu. Eti hana shida ya usafiri! Gunia lake linafika sokoni kwa miguu yake lenyewe?

Hata sheria imempa neno. Zamani mke ndiye aliyeomba ruhusa ya mume. Kanuni ya Familia ya Kongo iliporekebishwa Julai 2016, ruhusa hiyo iliondoka, sasa mume na mke wanapaswa kupatana. Lakini ndoa za siku hizi! Mume akipata wazo anakwenda kwa rafiki, kisha kwa pasta, kisha kwa mkopeshaji. Mke anaitwa mwisho kabisa, kalamu imeshafunguliwa. Akiuliza swali moja, amekuwa adui wa maendeleo. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi, mkali kama pilipili, sitamsafisha. Lakini hata baiskeli hakuinunua kabla ya kumwekea mama mshahara mezani na kuhesabu naye.

Leo jioni mwambie mkeo umekosea hesabu. Muulize likelemba yake, ule mchezo wa kupeana feza kwa zamu, inazunguka lini, na yeye angenunua nini. Pengine mtaweka akiba mwaka mmoja, mkapata kimotokari kidogo kilichopimwa na fundi wenu, lupango likalala salama. Na usithubutu kumzunguka ukaenda kwa banki lambert, wakopeshaji wa mtaani wa riba kali; wale hawahitaji sahihi ya mke, wanakuja wenyewe mlangoni.

Limebaki moja. "Tangu friji iuzwe", umeandika, kama vile ilitoka nyumbani yenyewe ikajipeleka sokoni. Nani aliiuza, baba, na zile feza zilikwenda wapi? Niandikie hilo kwanza.