Kihispania: lini «le», lini «lo», na hiyo «se» inatoka wapi?

SWALI: Mwalimu, najifunza Kihispania na nimekwama. Niliandika «Lo di el libro a María» nikasahihishwa kuwa «Le di el libro a María». Nikaandika «Le vi a María ayer», nayo ikakatwa. Kisha «Le lo di» ikageuzwa «Se lo di». Nitajuaje ipi ni ipi? Na kwa nini niweke «le» wakati María nimeshamtaja?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake unalo tayari kinywani. Ukisema «Nilimpa Maria kitabu», ile -m- inafanya nini na Maria ametajwa? Hakuna anayeiona kuwa imezidi. «Le» katika «Le di el libro a María» inafanya kazi hiyohiyo: inamtangulia mpokeaji kwenye kitenzi, halafu jina lake linafuata. Wahispania wakati mwingine huiacha, hasa katika maandishi rasmi («Di el libro a María»), lakini mpokeaji akitangulia ni lazima iwepo: «A María le di el libro». Vilevile akitajwa kwa kiwakilishi: «Me lo dio a mí», kamwe si «Lo dio a mí». Wewe iweke daima, hutakosea.

Tatizo lako kubwa liko kwingine. Kiswahili hakitofautishi mtendwa na mtendewa ndani ya kitenzi. Nilimwona, nilimpa, nilimwita, nilimwambia: zote -m-. Kihispania kinawatenganisha katika nafsi ya tatu. Anayeguswa na tendo moja kwa moja ni «lo» au «la»: «la vi» (nilimwona, mwanamke), «lo esperé» (nilimsubiri, mwanamume). Anayepokea kitu, neno au faida ni «le», awe mwanamke au mwanamume. Wakiwa wengi, «les». Katika nafsi nyingine (me, te, nos, os) umbo ni moja kwa kazi zote mbili, ndiyo maana hujakwama huko.

Na María wa sentensi yako ya pili? Yeye ni mtendwa, na mtendwa akitajwa kwa jina baada ya kitenzi, kwa kawaida harudiwi: «Vi a María ayer». Ile «a» isikudanganye. Huwekwa mbele ya mtu mahususi hata akiwa mtendwa, kwa hiyo si dalili ya «le». Utasikia watu wengi wa Hispania wakisema «le vi» kwa mwanamume mmoja, na Chuo cha Kifalme cha Hispania, chenye kuweka kanuni za lugha hiyo, kinaikubali. Kwa mwanamke, shika «la vi».

Kipimo ninachokipenda ni kauli ya kutendea. Kitenzi chako cha Kiswahili kikidai -ia au -ea ili mtu aingie, mara nyingi Kihispania kitataka «le»: nilimwandikia, «le escribí», nilimfungulia mlango, «le abrí la puerta», alinivunjia kikombe, «me rompió la taza». Kuna vitenzi visivyofuata: «nilimsaidia» utaisikia kwa «le» na kwa «lo» pia. Na uwe macho na «le compré un libro a Juan», kwani yaweza kuwa nilimnunulia Juan kitabu, au nilikinunua kutoka kwake. Muktadha ndio huamua.

Viungo vya mwili navyo vinapendeza sana. Hatusemi «niliosha mikono ya mtoto» tukiwa tunamhudumia. Tunasema «nilimwosha mtoto mikono». Kihispania nacho: «Le lavé las manos al niño». Usiandike «sus manos», maana «le» imeshaonyesha mikono ni ya nani. Hata «gustar», kinachowasumbua wengi, kitakukaa ukikifikiria kama kupendeza: «wimbo huu unanipendeza», «me gusta esta canción», «nyimbo hizi zinanipendeza», «me gustan estas canciones». Kitenzi kinafuata nyimbo, si mimi.

Sasa «se». Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi kimoja tu cha yambwa, kwa hiyo «nilimpa» yatosha na kitabu kikabaki kueleweka. Kihispania kinataka vyote viwili, mpokeaji kwanza: «me lo dio», «te la mandé». Lakini «le» au «les» ikikutana na lo, la, los, las, hugeuka «se». Hii si «se» ya kujirejea ya «se lava» (anajiosha). Katika Kihispania cha zama za kati walisema «gelo», kutokana na «illi» ya Kilatini. Sauti hiyo baadaye ikaangukia kwenye «se», na umbo likafanana na lile jingine. Kwa kuwa «se lo di» haisemi ni yeye, wao au ninyi, ongeza «a ella» au «a ustedes» inapohitajika.

Kuhusu mahali pa kuviweka: kabla ya kitenzi kilichonyambuliwa kwa nafsi («se lo doy», «no se lo des»), na nyuma, vikiwa vimeshikamana, katika amri ya kukubali («dáselo»). Penye «voy a dar» una hiari: «se lo voy a dar» au «voy a dárselo». Angalia alama ya mkazo katika «dáselo» na «dárselo». Mkazo haukuhama, ila neno limerefuka, na bila alama hiyo umeandika kosa la tahajia.